Siku niliyomnyima mjomba risasi za Nyamaza, bunduki yake kipenzi

Wakuu, shikamooni wakubwa. Rika langu, mambo vipi.

Mvua imegoma kukatika hapa Jinja tangu asubuhi, wateja hakuna, nimekaa dukani na spea zangu naangalia maji yanavyopita barabarani. Nikasema ngoja niliweke hapa jambo ambalo nimekaa nalo muda. Chumvi sitii. Waliokuwepo wako hai na mmoja wao huwa anapita humu, nikidanganya atanisuta.

Kilichonikumbusha ni uzi wa jamaa aliyeuliza wawindaji mnapenda bunduki gani. Watu wakabishana weee, huyu rifle, huyu pump action, huyu anataja nchi ilikotengenezwa utadhani amezaliwa huko. Mimi nilicheka tu. Nimemjua mtu anayependa bunduki, na kama ungemuuliza sifa zake, asingekutajia hata moja kati ya zile.

Kiswahili changu mnivumilie. Mimi ni Mnubi wa Uganda, nyumbani Mafubira. Babu zetu walikuja na jeshi, Kiswahili tumekikuta ndani ya nyumba. Huku ukikiongea dukani mmoja anakuita afande, mwingine anashika mfuko wake akidhani wewe ni mwizi. Tumezoea.

Sasa huyo mtu ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa askari magereza, akastaafu, akajenga nje kidogo ya mji wa Mbale, kule ardhi inapoanza kupanda kuelekea mlimani. Jina silitaji, nitamwita Mjomba.

Bunduki yake ni shotgun ya mitutu miwili, ya zamani, ina kibali na kila kitu. Aliipa jina Nyamaza. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia, "Akisema huyu, wengine wote wananyamaza."

Sikia hiyo "huyu". Miaka yote sijamsikia akisema "hii".

Kitako chake cha mbao kimeingia weusi, isipokuwa pale anapoweka shavu, pameng'aa kama mimbari ya msikitini. Mkanda aliushona mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe mmoja wa mahari ya mama yangu. Kwa hiyo na mimi nilikuwa najiona nina kipande changu mle.

Kuna ndugu yetu mmoja alirudi na hela zake akataka kumpa bunduki mpya kabisa, wabadilishane, ile kuukuu aitundike ukutani sebuleni kama pambo. Mjomba alimwangalia, akamuuliza, "Mama yako ukipewa mpya utamtundika wapi?" Jamaa hakurudia tena.

Mke wake, Mama Hadija, ni mcheshi balaa. Mjomba akikaa barazani na kitambaa na mafuta kuisafisha, yeye anapita na sufuria anasema, "Angenipaka mimi mafuta hivyo, leo ningekuwa msichana." Mjomba anajibu bila kuinua kichwa, "Wewe unapiga kelele hata bila sababu. Huyu ana nidhamu." Basi wanacheka wote wawili.

Kazi ya Nyamaza ilikuwa nguruwe pori. Wakulima wa mabondeni wanateswa nao sana. Wanaingia kwenye mahindi na mihogo usiku, asubuhi unakuta shamba limechimbuliwa lote na mtu amekaa pembeni ameshika tama. Ruhusa ikitoka, wanamwita Mjomba na kikundi chake.

Hapo najua kuna mtu atauliza. Ndiyo, sisi ni Waislamu, na Mjomba hajawahi kuonja windo lake. Anaua nguruwe, anageuka, anakwenda kunawa, wenzake Wakristo wanagawana nyama kwa furaha. Wafula, rafiki yake Mgisu, mwenyeji wa huko Mbale, mwenye mbwa, humtania kwamba yeye ndiye mwindaji pekee Uganda nzima anayerudi nyumbani kula malewa. Malewa ni machipukizi ya mianzi, yanapikwa na karanga. Kama hujala ya Mama Hadija, umepungukiwa, nakwambia ukweli.

Wafula mkumbukeni, ana sehemu yake mbele.

Sasa kile kikundi kilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo aliiweka Mjomba mwenyewe toka enzi za ujana wao. Bunduki na risasi havitembei na mtu mmoja. Mwenye bunduki anabeba bunduki. Risasi anabeba mwingine, anaitwa mbeba risasi, na mkishafika porini ndiye anayempa mwenye bunduki, mbili mbili.

Na mbeba risasi akiona hapafai, anakataa. Hatoi sababu. Na mwenye bunduki haruhusiwi kuuliza.

Mjomba alikuwa anasema pombe, hasira na kiburi vinaingia kwa mtu kimyakimya, mwenyewe hajijui, lakini wa pembeni anaona. Sasa yeye hanywi, hana hasira. Watu walikuwa wanaichukulia ile sheria kama heshima ya zamani tu. Hakuna aliyewahi kumkatalia.

Mbeba risasi wake wa siku zote alipofariki, Mjomba aliniita mimi. Nilishangaa, mimi ni mtu wa duka, Mbale naenda kwa kuibia siku. Akasema, "Wewe huna papara." Nilijisikia mkubwa hiyo siku, sitaficha. Kila wakiitwa, ananipigia, napanda gari Jinja asubuhi na mapema, nakwenda.

Basi, mwaka juzi nikaanza kuona vitu.

Mara ya kwanza anamimina chai, kikombe kimejaa, anaendelea kumimina. Nikasema uzee. Mara nyingine tunatoka uani, mbuzi wa jirani akasimama mbele yetu akalia, Mjomba akajibu, "Alaikum salaam, karibu." Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Kilichotudanganya wote ni Nyamaza. Ukimwona Mjomba anaifungua, anaisafisha, anaifunga, huwezi kusema huyu mtu haoni. Mikono ilikuwa inaijua kila mahali. Akiwa nayo ni kijana, akiiweka chini anapapasa kutafuta viatu vyake.

Jumamosi moja tukaitwa. Nilifika Mbale mapema, Mjomba alikuwa anavaa. Nikamfuata Mama Hadija jikoni, nikamwambia, "Mama, macho ya mzee vipi?"

Alisogeza kuni. Halafu akasema, "Najua tangu zamani, mwanangu. Nikimwambia mimi atasema nina wivu. Risasi anabeba nani?"

Ndivyo alivyoniuliza, akaendelea kuchochea moto.

Njia nzima ya kwenda bondeni nilikuwa na risasi mfukoni, zinanielemea. Mbele yangu Mjomba anatembea na Nyamaza begani, anasalimia watu, wanamwitikia "Afande! Afande!" kwa heshima zote. Nikajisemea, mimi ni nani nimvue huyu mzee nguo mbele za watu? Amenilea. Nilipoanza biashara ndiye aliyenisimamia. Na bila bunduki ile, atabaki na nini?

Nikajisemea tena, na akiua mtu je?

Tulipofika, wale wa mbwa walishatangulia kwenye kichaka kilichopakana na mihogo. Njuga za mbwa zinasikika kwa mbali. Mjomba akaukunja mtutu, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama kawaida yake. Mkono ukakaa hewani.

Nikasema, "Leo hapana, Mjomba."

Watu wote waligeuka. Nadhani hata mimi niligeuka kutafuta nani amesema.

Mjomba hakuuliza kwa nini. Sheria ni yake. Lakini uso ulimbadilika, akaurudisha ule mkono. Akasema taratibu, "Mnadhani sioni."

Akatugeukia wote.

"Mnadhani nimekuwa kipofu. Haya." Akaufunga mtutu, mtupu vilevile, akaipandisha bunduki begani, shavu likakaa pale palipong'aa. "Nguruwe yule pale, chini ya mgomba, amenipa ubavu. Mkubwa. Mngekuwa wanaume mngeniona leo."

Tukatazama. Kweli chini ya mgomba kulikuwa na kitu cha rangi ya udongo kimeinama, kinatikisika.

Akavuta. Ta!

Mlio mdogo tu wa bunduki tupu. Halafu kile kitu kikasimama, kikajinyoosha mgongo. Alikuwa Wafula na lile koti lake kuukuu la mvua. Alirudi kumfunga mbwa wake mmoja njuga iliyokatika.

Akatuona tumeganda. Akauliza kwa sauti, "Vipi jamani? Mbona mnaniangalia hivyo?"

Wakuu, nilikaa chini palepale. Nilikuwa nimeziminya zile risasi mfukoni mpaka kiganja kinauma. Nililia, na sioni aibu kusema. Mzee mmoja wa kikundi alikuwa anasema "Yesu, Yesu, Yesu" hana jingine.

Mjomba aliishusha bunduki. Alimwendea Wafula mwenyewe, akipapasa njia, akamshika mabega yote mawili, akamwambia alichotaka kufanya. Hakupunguza kitu. Wafula alimsikiliza, akatazama ile bunduki, akatutazama sisi, halafu akamshika mkono wakaanza kurudi nyumbani pamoja. Mbwa nyuma yao. Hakuna aliyewinda siku hiyo.

Baada ya hapo Mjomba hakusema na mimi. Nikipiga simu anapokea Mama Hadija, anasema yupo, anasikia, lakini ameinua mkono kukataa. Iliniuma. Nilikuwa najua nimefanya sawa, na bado iliniuma kama nimefiwa.

Alipoipeleka Nyamaza kituo cha polisi ikahifadhiwe, alimchukua Wafula amsindikize, hakuniita. Wafula ndiye aliyenisimulia. Anasema afande wa pale, kijana mpole, alimwambia, "Mzee, iweke tu mezani." Mjomba akaomba kitambaa. Akaisafisha palepale, mbele ya watu waliokuja na kesi zao, mpaka akaridhika. Kisha akaiweka. Njiani anatembea bega moja limeinuka, kana kwamba bado mkanda upo.

Mama Hadija hakumwacha akae hivyo. Alimkokota hospitali. Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakamfanyia upasuaji, moja baada ya lingine. Mwanzoni mwa mwaka huu nikapigiwa simu, nikasikia sauti yake mwenyewe: "Njoo, nikuone."

Nilifunga duka muda uleule.

Nilimkuta barazani. Alinitazama weee, akasema, "Umenenepa, na hakuna aliyeniambia." Nikajua tumepatana. Hatukukumbatiana wala nini, si mtindo wetu, lakini alinimiminia chai yeye mwenyewe, ikaishia pale inapotakiwa.

Wenzake wa kikundi walikuwepo. Wakaanza, mzee sasa macho yamerudi, nguruwe wanatumaliza, twende tukamchukue Nyamaza. Wafula naye akasema twende. Mimi nikasema, "Mjomba, sasa hivi nitakupa risasi bila wasiwasi."

Akatikisa kichwa.

Akasema, "Ninamkumbuka. Mkono wangu unamtafuta kila asubuhi, Mama Hadija shahidi. Lakini nyinyi mnadhani tatizo lilikuwa macho. Asiyeona anajua haoni, anauliza. Mimi siku ile sikuwa na shaka hata kidogo. Niliona ubavu, niliona masikio, niliona mpaka manyoya. Macho wamenitibu. Ule uhakika hakuna daktari aliyeutoa."

Hata Mama Hadija hakutania.

Kisha akamgeukia Wafula. "Nimeongea na afande. Taratibu zao zipo, watakuchunguza, wakikukubali utampata wewe. Nimetafuta mtu wa kumwachia nikaona ni wewe peke yako. Hawa wote wamesimama nyuma ya mtutu wake tu. Wewe umesimama mbele."

Wafula, mtu wa masihara siku zote, aliinamisha kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na risasi atabeba nani?"

Mjomba akasema, "Mchague anayekupenda kiasi cha kukuudhi."

Wakuu, habari yangu ni hiyo. Taratibu za Wafula bado zinaendelea. Mjomba ameshaanza kumfundisha kusafisha kwa kutumia mpini wa jembe, na Mama Hadija anasema sasa jembe ndilo linalopakwa mafuta.

Nilichojifunza mimi: kumpenda mtu pamoja na kitu chake anachokipenda ni kazi, kuna siku inabidi usimame katikati yao. Atakununia. Mwache anune.

Wenye silaha zenu za kuwindia, za urithi au za kununua, semeni hapa. Mnazipenda kwa lipi? Na yupo mtu anayeweza kukwambia "leo hapana" ukamsikiliza? Wa kunilaumu pia karibuni, mvua bado inanyesha na mimi sina pa kwenda.