Mlingoti wa Chuma Uani Kwangu

Nilipostaafu ualimu nilikosa kitu kimoja tu: kupandisha bendera. Mshahara nilishazoea kuukosa, lakini asubuhi bila bendera niliiona ya kivivu. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba ruhusa ya kuipeperusha nyumbani. Akanisomea masharti niliyomfundisha mwenyewe akiwa darasa la tano: ipandishwe saa kumi na mbili asubuhi, ishushwe saa kumi na mbili jioni, isiguse chini, isiwe imechanika. Nikaitikia kwa adabu.

Kazi ikawa mlingoti. Hapa Newala mti tulionao ni mkorosho, na mkorosho hauna hata tawi moja lililonyooka. Mwanzi nilioletewa kutoka bondeni ulitobolewa na wadudu kabla sijauchimbia. Mke wangu akasema, "Mwalimu, si uifunge kwenye mpapai yaishe?" Nikashuka Masasi, nikanunua bomba la chuma la futi ishirini, fundi akalisimamisha uani kwa zege.

Watu wa huku wameshajua nilipokosea. Kwetu, ambako ndoo ya maji inafuatwa bondeni kwa miguu, bomba likichomoza ardhini lina maana moja tu.

Zege lilipokauka nikatoka alfajiri nimevaa suti, bendera nimeikunja kifuani. Nikakuta foleni ya ndoo kuanzia mlingotini hadi barabarani. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja, jirani yetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maji yanafunguliwa saa ngapi?"

Nikamweleza habari za bendera na heshima ya taifa, kwa ile sauti yangu ya mstarini. Alinisikiliza mpaka mwisho, masikini.

"Sasa mwanangu, mimi leo sikushuka bondeni kwa ajili ya bomba lako. Na mjukuu wangu kajifungua jana, mzazi hana hata maji ya kuoga."

Nikaipandisha hivyo hivyo. Wote walisimama wima, kumbe kila mmoja analinda nafasi yake kwenye foleni. Ilipofika juu nikaona aibu. Chini ya baraza yangu kuna kisima cha maji ya mvua, kimejaa, nimekitia kufuli tangu nijenge. Nikakifungua. Miaka thelathini nimewaimbisha watoto wa watu waipende nchi yao, na siku hiyo ndipo jirani yangu alipochota maji kwangu kwa mara ya kwanza.