Masudi Alipokuja Kumsalimu Harithi

Msinambie nilikuwa na homa, wala msinambie ni majonzi. Nilimwona kaka yangu Masudi kwa macho yangu haya, jua bado linawaka, nyumbani kwa shangazi yetu hapa Matrah, Maskati. Na miye ndiye niliyemwosha maiti yake!

Mwaka wa sitini na nane, chuo kimoja cha Athene kilimkubali Masudi akasome lugha, historia na mila za Wagiriki. Enzi zile kupata ruhusa ya kutoka Maskati ilikuwa kazi kweli kweli, naye akaipata. Kabla hajasafiri akaenda kuogelea pwani ya Sidabu na Harithi, mtoto wa shangazi. Harithi akarudi peke yake, analia: "Kateleza mwambani." Arubaini haijesha, nafasi ile kapewa yeye.

Aliporudi kutoka Ugiriki, shangazi akaalika watu. Baada ya alasiri tumekaa sebuleni, halwa mbele yetu, Harithi anatusimulia mahekalu na makaburi ya huko. Pakaingia mtu, nguo zinachuruzika maji, akaketi mkabala naye. Masudi! Wageni wanakula tu, hawakumwona. Harithi alimwona.

Masudi, ambaye Ugiriki hakuifika, akamuuliza jambo kwa Kigiriki. Harithi akajibu kwa Kigiriki. Kisha kaka yangu akasema kwa Kiswahili, nikasikia kila neno:

"Ulinisukuma kwa ajili ya lugha hii. Basi ichukue yote."

Akainuka, akatoka. Mkeka pale alipokaa ulikuwa umerowa chepechepe.

Wallahi, tangu siku ile Harithi hajatamka wala hajaandika neno la Kiswahili wala la Kiarabu. Akitaka kumwita mama yake, kinamtoka Kigiriki. Na Maskati nzima, nani wa kumwelewa?

Nilipomwambia shangazi kuwa Masudi alikuja siku ile, alinijia analia. "Mwanangu, muombe nduguyo amsamehe Harithi."

"Shangazi, kamuulize kwanza mwanao alimfanya nini ndugu yangu kule Sidabu."

Akaenda kumuuliza, nami nimesimama mlangoni. Harithi alieleza yote, naamini, kwa kirefu, machozi yanamtiririka, kashika miguu ya mama yake. Kwa Kigiriki.

Shangazi amekufa hakuambulia hata neno moja. Harithi yuhai, nikipita kwake hunisemesha, namwacha aseme mpaka achoke. Sikumhurumia siku ile na leo simhurumii.

Nawe unayekitolea macho cha mwenzio, jihadhari. Huenda ukapewa chote.