Wauzaji walifichwa ili wageni waone soko

Jua ndiyo kwanza linapanda juu ya mji wa Likasi, kusini mwa Kongo, na Fidélie Mujinga tayari anakata kikanda. Kisu kinapita taratibu kwenye mkate huo wa kahawia, uliopikwa kwa mizizi ya porini na karanga, na vipande vinalala kwenye sinia. Wachimbaji wanaokwenda kwenye mgodi wa Kamatanda wananunua bila kushuka kwenye baisikeli zao.

Juu ya kichwa chake hakuna paa. Imebaki nguzo moja, nayo imekatwa nusu.

“Manjanja yote balibeba,” anasema, akimaanisha mabati. “Banasema tulikuwa tunaharibu sura ya marché. Minye nilianza kuuzisha hapa na mimba ya mutoto wa kwanza. Leo ule mutoto iko na ndevu.”

Hasemi habari za marché yao, yaani soko, kwa kulalamika. Anasema kwa hasira, na hasira hiyo haijapungua tangu Aprili.

Fidélie ni mjane. Mumewe alifukiwa na shimo la madini huko Kakanda, na tangu hapo kikanda ndicho kilicholisha nyumba yake. Kwa hiyo uongozi wa soko ulipotangaza kwamba wageni kutoka nje, waliokuwa wakizunguka kutazama masoko ya jadi, wangepita Likasi, alifurahi kama wenzake. Alinunua hata kitambaa kipya cha kufunikia sinia.

Siku chache kabla ya ziara hiyo ya Aprili, vijana walifika na nyundo, wakaanza kubomoa vibanda.

Jirani yake sokoni, Angèle, muuza nyanya, alikuwa ameinama kuokoa mali yake bati lilipoanguka na kumpasua mguu hadi mfupa ukaonekana. Gari la uongozi lilikuwa limesimama hapo hapo, limejaa rangi na mabango. Wanawake walimsihi dereva ampeleke hospitali. Alikataa, akasema damu ingechafua mabango.

“Balinipandisha ku kinga,” anasimulia Angèle, yaani baisikeli. “Banasukuma, minye naona damu yangu inafuata nyuma. Dereva yeye anaangalia tu.”

Wauzaji wengine walisukumwa nyuma ya ukuta wa soko, kando ya mtaro unaopitisha maji machafu ya wachinjaji. Mahali pao ziliwekwa meza zilizopakwa rangi, na nyuma ya meza wakasimamishwa wasichana waliovalishwa vitenge vya sare. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuza sokoni hapo.

Asubuhi ya ziara, mtu ambaye Fidélie hakumfahamu alimkuta kando ya mtaro, akanunua kikanda chote. Muda si mrefu, Fidélie akichungulia kwenye upenyo wa lango, alikiona juu ya meza mpya, kimepangwa vizuri.

“Kikanda yangu ilipita mulango,” anasema. “Minye banakatalia.”

Alichukua sinia lake tupu akaingia. Msimamizi wa soko, Augustin, alimzuia njiani.

“Mama Fidélie, rudia nyuma kwanza. Bageni batatoka sasa hivi, utapata nafasi yako.”

“Bageni banakuya kuona nini, papa Augustin?”

“Marché.”

“Na marché ni nani?”

Fidélie alimpita, akaweka sinia chini mahali meza yake ilipokuwa, akaketi. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Mwishoni aliingia Angèle, amebebwa na wanawake wawili, mguu umefungwa bendeji. Waliuweka juu ya kreti, katikati ya njia ya wageni.

Mgeni mmoja, mama mwenye mvi, aliuliza mguu ule ulipatwa na nini. Mkalimani akasema Angèle alianguka nyumbani. Fidélie, mwenye Kifaransa kidogo cha shule ya msingi, alisimama.

“Non, madame. C'est ici.”

Ni hapa. Alionyesha nguzo iliyokatwa. Wageni walishusha kamera zao, na ziara ikakatishwa.

Kesho yake lori lilikuja kubeba meza za rangi. Wanawake hawakuguswa tena, ila hakuna aliyeomba radhi. Augustin aliniambia alifuata amri, akaomba nisimuulize amri ya nani. Angèle sasa anatembea na fimbo, na kapu la nyanya hawezi tena kulibeba.

Kanisani Fidélie ameambiwa asamehe. “Nitasamehe, niko mukristu. Lakini leo hapana. Kila nikiona ile fimbo, roho inawaka.”

Wauzaji hawajawahi kuwa na kamati yao. Uongozi ndio uliowasemea siku zote. Jumamosi hii wataichagua ya kwanza, na Fidélie anagombea uenyekiti. Augustin ametuma ujumbe kwamba kamati hiyo haitatambuliwa.

“Asitambue,” anasema Fidélie, akifuta kisu. “Siku batarudia na nyundo, batanikuta minye wa kwanza mu njia. Na nyuma yangu, marché yote.”