Mdogo Wangu Alipoigiza Mzimu

Leo nilikuwa nampaka mwanangu poda, na harufu yake ikanirudisha sebuleni kwetu Chamazi, mchana ule walipokuja watu wa kurekodi filamu. Waliziba madirisha kwa mablanketi ili paonekane usiku. Mdogo wangu wa kike, hata shule hajaanza, walimpaka poda uso mzima aigize mtoto aliyekufa anayerudi kwao.

Alitakiwa kusema tu, "Mama, nifungulie."

Akasimama mlangoni bila kupepesa macho. Kisha akasema taratibu, "Mamuu, nina kiu."

Sie tulimwitaga mama, basi. Aliyemwita Mamuu ni kaka yetu wa kwanza, aliyefariki kwa homa kabla hatujazaliwa. Hilo nilikuja kuambiwa na shangazi baadaye.

"Kata! Huyu mtoto anajua!" mwongozaji alishangilia, na wenzake wakapiga makofi.

Mama hakupiga. Alichota maji mtungini, akapiga magoti mbele ya mdogo wangu.

"Kunywa, baba," alisema.

Mdogo wangu akanywa kikombe chote, akakirudisha, akaomba kingine.