Majani ya Serikali

Nilifundisha siasa shule ya msingi Nkoma miaka kumi na minne, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la mihimili ya dola. Nilichora ubaoni visanduku vitatu, Serikali, Bunge na Mahakama, nikaweka mishale katikati, nikajiona msomi kweli kweli. Watoto walikariri wakafaulu. Mtu pekee aliyewahi kunijia na swali la maana kuhusu ile mishale hakuwa mwanafunzi. Alikuwa jirani wa shule, mjane, Nyanjige ng'wana Salu. Nilimpa jibu sahihi, na jibu hilo ndilo lililomfunga.

Nyanjige alikuwa na ng'ombe ishirini na sita, na alikuwa na ngitili iliyowatoa watu udenda. Kwa asiyetoka kwetu, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa masika yote. Ng'ombe haingizwi humo hata mmoja, majani yanaachwa yakaukie pale pale yaliposimama, na kiangazi kikikaza ndipo mifugo inafunguliwa. Mwenye ngitili anavuka mwaka. Asiye nayo anaomba mvua. Ya Nyanjige ilikuwa ekari nane kando ya korongo, aliyoachiwa na marehemu mume wake.

Alikuwa na watoto wawili, Mayige na Flora. Flora alifariki juu ya mkokoteni wa ng'ombe, njiani kwenda hospitali Bariadi, na mtoto tumboni. Mama yake alikuwa amemshika kichwa. Baada ya hapo Nyanjige aliacha kuimba shambani, na sisi majirani tulizoea ukimya wake upesi kuliko inavyostahili.

Miaka miwili baadaye, Juni, tulisikia redioni kwamba Bunge limepitisha bajeti, na mbunge wetu akaja kutuambia kuwa ndani yake mna fungu la kituo cha afya Nkoma. Ni mwaka ule ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na mizani zao, kila mmoja na bei yake, nasi tulidhani kila kitu kizuri sasa kinakuja kwa lori. Kijiji kikatafuta kiwanja. Nyanjige akasimama mkutanoni akasema, chukueni ngitili yangu.

Jioni ile alinikuta nafuta ubao.

"Mwalimu, hawa wakubwa hawawezi kugeuka?"

"Mayu, mama yangu, Bunge likishapitisha, imekuwa sheria. Hata Rais hawezi kuifuta."

"Hata yeye?"

"Hata yeye."

Akapiga makofi mawili madogo, akaenda zake. Mimi nikabaki nimevimba kichwa.

Wazee walimshauri asubiri wapima ardhi. Hakusubiri. Mvua za kwanza zilipodondoka alikata vipande vya minyaa, ile miti ya ua yenye utomvu mweupe, akaanza kupanda. Kwetu, anayepanda minyaa kwa mkono wake mbele ya majirani ameshatoa, wala hakuna haja ya karatasi. Kituo kilihitaji ekari tatu. Nyanjige alizungushia zote nane. Nilipomuuliza alisema wajawazito watahitaji pa kupumzikia, na ndugu zao watahitaji pa kupikia. Mtu mwenye akili angemzuia. Mimi nilimsifu, tena mbele za watu.

Desemba akaja bwana wa wilayani, akatembea kando ya ile minyaa, akaandika alichokikuta: eneo la mradi, ekari nane. Januari ukaja waraka. Mapato ya taifa yameshuka, kwa hiyo Rais ameagiza matumizi ya maendeleo yasimamishwe mpaka hali itengemae. Niliusoma mara tatu. Haukusema yamefutwa. Ulisema yamesimamishwa.

Masika yakapita, kiangazi kikatukuta: jua, vumbi na upepo. Kufikia Agosti majani yote ya kijiji yalikuwa yameliwa mpaka mizizi, isipokuwa ndani ya minyaa ya Nyanjige, ambako yalisimama kiunoni, makavu, yananukia. Minyaa yenyewe ilikuwa bado inafika magotini. Ng'ombe mwenye njaa angeivuka bila kujali. Kilichomzuia kilikuwa lile neno la bwana wa wilayani: eneo la mradi, mifugo marufuku. Ng'ombe saba wa Nyanjige walianguka mwezi huo, mbele ya macho yake.

Mayige alikuwa ameshaposa kijiji cha Lagangabilili, binti anaitwa Joyness, na baba mkwe alitaka ng'ombe wanaotembea, hakutaka ngozi. Siku moja mchana kijana akaishiwa uvumilivu. Alifungua pengo kwenye ua akaingiza mifugo. Hawajamaliza hata kushika vizuri majani mdomoni, filimbi ikalia. Kija, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alikuwa shemeji yake Nyanjige.

"Shemeji, haya ni majani ya serikali," alimwambia Nyanjige. "Nikikuachia wewe, kesho nitamkamata nani?"

Faini ilikuwa mtamba mmoja. Nyanjige alimtoa bila kubishana, kisha akaziba pengo lile kwa mikono yake. Mayige alimtazama mama yake kama anatazama mtu asiyemjua.

Wiki hiyo tulidandia lori la pamba, mimi na Nyanjige, tukaenda Bariadi. Afisa mipango alikuwa Bwana Sylvester, mtu mpole, msomi, na nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mshenzi. Alitukaribisha viti, akatoa kitabu kinene cha bajeti mpya, akaweka kidole.

"Hiki hapa kituo chenu, mama. Hakijafutwa."

"Rais si amekataa?"

"Amesimamisha. Kufuta hawezi. Fungu limepita kwa sheria ya Bunge, na sheria haifutwi kwa waraka."

Nyanjige akanigeukia. "Ndivyo ulivyosema, Mwalimu."

"Ndivyo," nikasema.

"Basi atoe, wajenge."

Bwana Sylvester akavua miwani. "Kutoa nako, mama, hapo ndipo pagumu. Sheria imempa ruhusa ya kutumia. Kama imemlazimisha atumie, wanasheria Dar es Salaam wanabishana mpaka leo. Mimi siko Dar es Salaam."

"Basi nirudishie majani. Mkitaka kujenga nitawapa tena."

"Siwezi. Nikirudisha ardhi nitakuwa nimefuta mradi. Rais mwenyewe hawezi, sembuse mimi wa Bariadi?"

Nilicheka. Sijui kwa nini, ila nilicheka, na aibu ya kicheko kile ninayo mpaka leo. Nyanjige hakucheka. Aliuliza kama kuna mlango wowote.

Ulikuwepo mmoja. Kijiji chenyewe kinaweza kuandika kwamba hakitaki mradi. Aliyetoa ardhi ataweka dole gumba kwanza, halmashauri ya kijiji itafuata, na bajeti ijayo Bunge litaondoa jina la Nkoma kitabuni. Barua ikiwa mkononi, afisa ataruhusu mifugo iingie siku hiyo hiyo, hilo liko ndani ya uwezo wake. Alitaka kutusaidia, na aliichapa barua yeye mwenyewe, mistari mitano, kisha akasogeza kibweta cha wino.

"Nisomee, Mwalimu," Nyanjige alisema.

Nikasoma. Nilipofika penye sababu akanisimamisha.

"Rudia hapo."

"Kwa kuwa wananchi wa Nkoma hawana haja na kituo cha afya."

"Andika kwamba ng'ombe wanakufa."

"Haitapokelewa, mama," Bwana Sylvester alisema taratibu. "Wanauliza haja ya kituo. Ng'ombe hawamo."

Nje lori lilikuwa linapiga honi, dereva anakusanya watu.

"Flora alishikwa uchungu alfajiri," alisema Nyanjige. "Mpaka jua linakuwa utosini alikuwa bado ananiambia, mayu, tumekaribia? Nikamwambia tumekaribia. Tulikuwa hatujafika hata nusu. Sasa niseme hakuwa na haja?"

Nilijisikia mdogo kwenye kile kiti. Nilitaka kumwambia aweke dole, aokoe ng'ombe, marehemu hatasoma barua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yeye akaingiza mikono yote miwili ndani ya kitenge chake, akainuka.

"Wabeja, baba," alimshukuru afisa. "Siweki."

Tulirudi juu ya marobota. Mayige alikuwa anatusubiri barabarani. Hakumuuliza mama yake, aliniuliza mimi, nami nikamweleza yote, pamoja na ile barua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwepo mlango," akasema.

"Ulikuwepo."

Siku ya nne akaaga. Alikuwa anakwenda bonde la Usangu, mbali kusini, na ng'ombe waliobaki, kumi na wanane, kama walivyokwenda wengi miaka ile, na hao hawarudi. Joyness angesubiri au asingesubiri. Alimwambia mama yake wafuatane, huko kuna maji na majani yasiyo na mwenyewe.

"Nikiondoka," Nyanjige alisema, "wakija kujenga watamkuta nani? Watasema eneo halina mtu, watapeleka kwingine."

"Hawaji, mayu."

"Hawajafuta."

Nilikuwepo asubuhi hiyo, darasa nimeliacha na kelele zake. Njia ya kutokea inapita kando ya minyaa. Ng'ombe walipofika hapo walinusa majani, wakakataa kwenda mbele, wakaanza kulia na kusukumana kuelekea ndani, na Mayige akaangusha fimbo yake chini, akasimama tu, hakuwazuia. Alikuwa anamngoja mama yake aone atafanya nini. Nyanjige aliiokota ile fimbo. Akaenda akasimama kwenye minyaa, akawachapa usoni mmoja baada ya mwingine, huku akiwaita kwa majina yao na machozi yanamtoka, mpaka wote wakageukia barabarani.