Wimbo Uliomkaa Mkunga

Mtaa mzima ulimwita Mdundo, na hata mkewe alikuwa amelizoea jina hilo kiasi cha kumwitia chakula nalo. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio ubavuni mwa kinyozi, lakini redio zilikuwa za kujishikiza tu. Kazi yake hasa ilikuwa spika, mbili kubwa nyeusi, kila moja urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Diwani akija kufungua bomba la maji, aitwe Mdundo. Shule ikiaga wanafunzi, Mdundo. Harusi, msiba, mkutano wa kuzibua mitaro, ni yeye.

Na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Wenzake humuuliza mgeni rasmi anapenda wimbo gani. Yeye hakuuliza kitu. Alikwenda kumtazama mgeni akitembea. Kabla ya shughuli ungemkuta amesimama nje ya ofisi ya mtu, mikono mfukoni, kama anayesubiri zamu, kumbe macho yako chini, kwenye viatu. Akisharidhika anarudi kibandani, anavaa visikilizio vyake vilivyofungwa kwa utepe mweusi, anaanza kuvitafutia viatu vile wimbo. Siku ya siku mgeni anaingia uwanjani na watu wanaona amependeza, hata hawajui kwa nini. Diwani mwenyewe, mfupi, tumbo mbele, aliwahi kuingia kwa muziki wa Mdundo akaonekana kama jemadari anayerudi kutoka vitani.

"Na mimi je?" kinyozi alimuuliza mara moja, akatembea kwa madaha toka mlangoni hadi kwenye kioo. "Ungenipigia nini?"

"Wewe? Kengele ya muuza barafu."

Walicheka, na kinyozi akamwomba awasimulie wateja kile kisa cha jenereta. Kilikuwa kisa cha zamani na Mdundo alikisimulia vizuri: jinsi alivyokuwa akipiga muziki kwenye msiba fulani, jeneza linatolewa, watu wametulia, mara jenereta ikakohoa kama mzee mwenye pumu, ikakohoa tena, ikafa. Aliikohoa ile jenereta kwa mdomo wake, mabega yakipanda na kushuka, mpaka mteja mwenye povu la sabuni kidevuni akaomba aachwe kwanza acheke, asije akakatwa.

Basi Mkunga akastaafu.

Nusu ya watu wa mtaa ule walipokewa na mikono yake. Binti mkubwa wa Mdundo alizaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni, wa bluu, kimya. Mdundo alikisikia kimya hicho akiwa nje ya mlango, na hakuna spika iliyowahi kumtikisa kama kimya kile. Kisha akasikia kofi dogo, na kilio. Mkunga akatoka akifuta mikono, akamwambia, "Ana sauti kama baba yake. Nenda kalete khanga." Tangu siku hiyo alitaka kumpa kitu yule mama, na hakujua ampe nini. Zahanati ilipotangaza hafla ya kumuaga, akajua. Angemtembeza kwa muziki kama ambavyo hakuna mtu aliyewahi kutembezwa.

Akaenda kukaa kwenye benchi la zahanati, akamtazama. Hatua za Mkunga zilikuwa ngumu. Mguu wa kulia ulikwenda sawa, wa kushoto ulichelewa, ukaburuzwa kidogo, kama mtu anayegeuka kusikiliza kama mlango umefungwa vizuri nyuma yake. Nyimbo za harusi zilimkimbiza. Za shule zilimfanya aonekane anachechemea. Siku kadhaa Mdundo alihangaika na visikilizio vyake, chai inapoa, mpaka chini kabisa ya nyimbo zake za zamani akakuta mmoja wa matarumbeta matupu, usio na neno hata moja. Akaweka vidole viwili mezani akavitembeza. Kulia. Kushoto, ngoja, buruta. Kulia. Tarumbeta lilisubiri pale pale mguu ulipochelewa.

Alicheka peke yake. Wimbo ulimkaa Mkunga kama gauni lililokatwa na fundi aliyempima.

Jioni aliupiga nyumbani bila visikilizio. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, aliinua kichwa kutoka kwenye pindo. "Huu niliwahi kuusikia wapi?"

"Matarumbeta yote ni ndugu," akasema Mdundo.

Siku ya hafla uwanja wa zahanati ulinyunyiziwa maji, vumbi likatulia. Viti vya plastiki vilipangwa, diwani akakaa mbele na miwani yake, manesi wakasimama kwa mistari, na akina mama waliobeba watoto wakajaa mpaka ukutani. Mshereheshaji akaita jina la kazi kwa kulivuta: "Mkungaaa wetu." Mlango wa wodi ukafunguliwa. Mdundo akabonyeza.

Mkunga alitoka amevaa gauni la kijani, nywele zimesukwa upya. Hatua ya kwanza ilikaa. Ya pili ikakaa. Mdundo aliona watu wakianza kutabasamu bila kujijua, akahisi joto linampanda kifuani. Hatua chache mbele, Mkunga akasimama.

Alisimama katikati ya uwanja, mkono mmoja umeinuka kidogo, kama anayetafuta kitu cha kushika na hakipo. Midomo ilimtetemeka.

Amefurahi, Mdundo akawaza. Machozi ya furaha hayo. Akaongeza sauti.

Watu nao wakadhani hivyo hivyo, wakapiga makofi na vigelegele. Mkunga akageuka, akarudi alikotoka, mguu wa kushoto ukiburuzika, na wimbo ukimfuata sawasawa, hatua kwa hatua, mpaka akapotelea mlangoni.

Mdogo wake Mkunga, aliyekuwa amekaa kwenye viti vya familia, alikuja mbio nyuma ya spika, khanga imemdondoka begani.

"Zima."

"Dada, si ni furaha tu, atarudi..."

"Nimesema zima, Mdundo." Alisubiri mpaka kimya kikaanguka juu ya uwanja, spika zikabaki zikivuma. Kisha akasema polepole, bila hasira, na heri angekuwa na hasira. "Huu ndio uliopiga siku tulipomtoa mwanawe ndani. Wewe mwenyewe uliutafuta. Ulikuja nyumbani kwetu ukamtazama dada anavyotembea, ukasema tusiwe na wasiwasi, utampatia wimbo utakaomshika asianguke. Jenereta yako ikazima kabla hatujafika kwenye gari. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Hapana, hakuwa amesahau. Jenereta aliikumbuka vizuri sana. Alikuwa ameikohoa mbele ya wateja wa kinyozi miaka nenda miaka rudi. Sikio lake lilikumbuka wimbo, likaurudisha mahali pale pale, kwa miguu ile ile. Kichwa chake kilibaki na mashine. Mama aliyekuwa akitembea nyuma ya jeneza kilimtupa, na kijana aliyelala ndani yake pia.

Diwani alikohoa. Hafla ikaendelea. Baadaye Mkunga alitoka tena, uso umeoshwa, akavuka uwanja bila muziki, na kilichosikika ni viatu vyake tu juu ya ardhi yenye unyevu. Aliwashukuru wote. Alimshukuru hata mpiga muziki. Mdundo alikuwa ameinama nyuma ya spika, anafungua waya ambao haukuhitaji kufunguliwa.

Jioni ile ile aliufuta wimbo, kwenye mashine, kwenye simu, kila mahali. Kisha akaanza kuzunguka. Nyumba ya Mkunga iko kati ya kwake na kibandani, kwa hiyo alipita nyuma, kwenye uchochoro wa mitaro, akirukaruka matope na mfuko wake wa vifaa.

"Kisa cha jenereta leo hakuna?" kinyozi aliuliza, hana habari.

"Hakuna."

"Hata kidogo? Kuna mgeni hapa hajawahi kukisikia."

Mdundo alijifanya anapuliza vumbi kwenye redio. Masikio yalimwaka. Alimfikiria kila mteja aliyecheka kwenye kile kiti, na akajiuliza ni wangapi kati yao walikuwa msibani siku ile, na walicheka tu ili wasimwaibishe.

Mkewe alivumilia, halafu siku moja akaviinua viatu vyake vyenye tope mbele ya uso wake. "Utazunguka mpaka lini? Matope haya mimi ndiye ninayeyafagia."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie shikamoo. Mengine yatafuata."

Mkunga alikuwa uani, anaanika mashuka. Mdundo alimwamkia tokea langoni, macho yako kwenye vibanio vya nguo.

"Marahaba. Ingia, baba. Nilikuwa najiuliza ni panya gani anayepita nyuma ya nyumba yangu kila asubuhi."

Akaingia. Akasimama.

"Ulikuwa umesahau?" Mkunga akauliza, akinyoosha pindo la shuka.

Angeweza kusema wimbo ulijipiga wenyewe, au mashine iliruka. Mtu angemwamini. "Nilikumbuka jenereta," akasema. "Nimekuwa nikiisimulia. Watu wanacheka. Sikukumbuka kwamba ni wewe, mama. Wala yeye."

Mkunga alibana kibanio, akachukua kingine. Shuka lilijaa upepo kati yao, likashuka.

"Kusimama pale, ningesimama nikaendelea," akasema mwishowe. "Lakini uliongeza sauti."

"Nilidhani umefurahi."

"Najua ulidhani." Akaweka beseni chini, akakaa kwenye ngazi taratibu, mguu wa kushoto mbele. "Unaishaje?"

"Nini?"

"Ule wimbo. Mara ya kwanza jenereta ilizima. Mara ya pili ukauzima wewe. Mara zote mbili nimebaki katikati. Usiku nauanza kichwani, nikikaribia pale kwenye gari unakatika. Nataka kujua unaishaje."

Mdundo aliingiza mkono mfukoni kutafuta simu, kisha akakumbuka. Aibu ikampanda upya, kama maji ya moto. "Nimeufuta. Niliona aibu nikaufuta wote."

"Si unaujua?"

"Naujua."

"Basi."

Hakuwahi kuimba mbele ya mtu. Maisha yake yote alikuwa amesimama nyuma ya spika ili vitu vingine viimbe. Akatazama huku na huku. Jirani alikuwa anaosha sufuria upande wa pili wa ua. Akakohoa, na mara alipojisikia akikohoa alisimama ghafla, akaogopa Mkunga asije akaisikia jenereta. Kisha akafumba macho, akauanza kwa pua, pale ulipokatikia.

Sauti yake ilikuwa mbaya, inapasuka kwenye noti za juu. Kulia. Kushoto, ngoja, buruta. Jirani aliacha kusugua sufuria. Mdundo aliona haya mpaka vidoleni, na hakuacha. Mwishoni tarumbeta lilikuwa linashuka, linashuka, halafu linashika noti moja ya chini na kukaa nayo. Akaishika mpaka pumzi ikamwisha.

Mkunga aliweka mikono juu ya magoti.

"Kumbe unashuka," akasema. "Mimi siku zote nilikuwa naupandisha."

Mkunga akainuka, akaokota beseni. "Mwanangu aliitwa kwa jina la babu yake," akasema, akilitazama beseni. "Alipenda kulala na soksi mguu mmoja tu. Hilo lisimulie kwa kinyozi, ukiulizwa kisa."

"Ndiyo, mama."

Alitoka kwa lango la mbele. Barabarani watu walikuwa wengi, na wengine walimsalimu. Alipofika karibu na kibanda akagundua miguu yake inatembea kwa mwendo wa Mkunga, wa kushoto unachelewa, akasimama pale pale mbele ya kinyozi, uso unawaka, akashindwa kujua aanze tena na mguu gani.