Ziwa la Tano

Mwanangu wa kwanza, mwanamume, alizaliwa Jang'ombe, mwaka ambao maziwa ya kopo tulikuwa tukiyasikia tu, madukani hayapo. Siku ya nne nikashikwa na homa, maziwa yakanikauka. Tukampa maziwa ya mbuzi na uji mwepesi wa mchele. Akaharisha, akawa mwepesi mikononi, na sauti ya kulia ikaanza kumpotea.

Dawa ilikuwa chumba cha pili. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa akinyonyesha binti yake wa miezi mitano, na maziwa yakimmwagika mpaka kanga inarowa. Mgeni angeuliza tulikuwa tukingoja nini. Tulikuwa tukimngoja mkwe wangu, mamaake mume wangu. Yeye alishawachumbia wajukuu wake hao wawili tangu mwanangu yumo tumboni, maana kwetu watoto wa ndugu huoana. Lakini mtoto akinyonya kwa mwanamke akashiba, mara tano, huwa mwanawe, na watoto wa mwanamke huyo huwa nduguze. Ndugu hawaoani.

"Mara nne," alisema mkwe wangu alipochoka kumtazama mtoto. "Nne hazina neno. Na wewe mwanangu ziwa lako litakuwa lisharudi, inshallah."

Akahesabu mwenyewe kwa komwe za bao, akizipanga dirishani. Ziwa la kwanza mtoto alifungua macho. La pili alikojoa, tukafurahi sisi watu wazima watatu kwa nepi iliyorowa. Mimi huku nakunywa mchuzi wa pweza na uji wa pilipili manga, nakandwa kwa maji ya moto mpaka ngozi inawaka. Ziwa la nne likapita, na kifua changu bado kikavu.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, mtoto akaanza kulia tena. Nilimchukia mkwe wangu siku ile, sifichi. Nikamnong'oneza wifi, "Mama akenda kutia udhu wa alasiri, mpe. Hesabu itabaki nne." Wifi akainama, akakubali.

Mkwe wangu alitoka kweli, lakini hakufika uani. Alirudi, akamnyanyua mwanangu mapajani mwangu, akamweka mwenyewe kifuani kwa binti yake.

"Mnyonyeshe mpaka ashibe," alisema. "Na mwambieni babaake, na majirani wote, kuwa hawa sasa ni ndugu. Asije mtu akasahau nkishakufa."

Mtoto akanyonya. Wifi hakuniangalia, nami sikuweza kumtazama mkwe wangu usoni. Nilikuwa nimeogopa mno kumpoteza mwanangu, hata nikawa tayari siku moja kumwoza dada yake.